Siku ya Moshi Isihesabiwe Kuwa Siku ya Mwendo

Njia ya miguu ya Pacific Crest nchini Marekani huanzia mpaka wa Mexico na kuishia mpaka wa Kanada, mwendo wa takriban kilomita 4,265 kupitia majimbo ya California, Oregon na Washington. Wanaokusudia kuimaliza kwa msimu mmoja kwa kawaida huondoka kusini mwezi Aprili au Mei, wakitaraji kufika kaskazini kabla theluji haijafunga milima. Kwa hesabu hiyo, wengi wao hukutwa na Julai na Agosti katika misitu ya kaskazini mwa California, wakati na mahali ambapo joto kali na moto wa msituni huandamana.

Mwaka 2021, moto uliopewa jina la Dixie ulianza tarehe 13 Julai katika bonde la mto Feather, ambalo njia hiyo hulivuka, ukateketeza zaidi ya hekta 380,000. Mwishoni mwa Agosti, mamlaka ya misitu ya Marekani ilifunga kwa muda karibu misitu yote ya taifa ya California. Ilikuwa hatua ya busara. Hata hivyo, kwa kawaida vipande vya njia hufungwa kwa kufuata miali, ilhali moshi husafiri mamia ya kilomita na kumfikia mtembeaji mahali pasipo na kibao cha kumzuia. Hapo uamuzi huachiwa yeye, naye ana kila kishawishi cha kuamua vibaya: siku zinayoyoma, chakula kinapungua na wenzake wanazidi kusonga mbele.

Katika siku ya namna hiyo, kuendelea kutembea si uvumilivu, ni kujidhuru. Mtu aliyetulia huvuta takriban lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Apandapo mlima na mzigo mgongoni, kiasi hicho huweza kuzidi lita 40. Moshi uleule humwingia basi mara tano au zaidi. Chembechembe zake zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, zikachochea uvimbe unaoathiri pia mishipa ya damu na moyo. Wakati huohuo joto huulazimisha moyo kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho hupunguza maji mwilini. Moyo mmoja hutwishwa mizigo miwili.

Ubaya zaidi ni kwamba tahadhari za hatari hizi mbili hugongana. Mwenye kukimbia joto huambiwa atembee alfajiri. Lakini usiku hewa baridi hutuama mabondeni, ikafunikwa na hewa yenye joto kama chungu kwa mfuniko, na moshi hunaswa humo hadi jua lipande. Anayekwepa jua la mchana huweza kuupokea moshi wa asubuhi. Barakoa aina ya N95 huchuja chembechembe vizuri ikiubana uso sawasawa, lakini huongeza uzito wa kupumua. Humfaa anayeteremka kuondoka penye moshi, wala si kibali cha kupanda mlima.

Wapo watakaosema kwamba vijana wengi wamepita katika moshi huo, wakakohoa siku mbili, wakapona. Ni kweli. Lakini njia hiyo hutembewa pia na wastaafu, na watu wenye pumu au maradhi ya moyo, ambao baadhi yao hawajui kuwa wanayo. Zaidi ya hayo, maumivu ya kichwa, kizunguzungu na uchovu ni dalili za moshi na za joto pia, na mtembeaji wa masafa marefu amezoea kuchoka. Onyo la mwili hulichukulia kuwa ni uchovu wa kila siku.

Kwa hiyo kanuni iwe nyepesi na ijulikane kabla ya safari kuanza. Kipimo cha ubora wa hewa kinachotumika Marekani kikizidi 150, hewa ni hatari kwa watu wote, na mwendo usimame. Pasipo na mtandao wa simu, kilele cha jirani kikitoweka katika moshi, hilo lichukuliwe kuwa onyo. Mtembeaji ashuke mjini, akae katika chumba kilichofungwa vizuri chenye hewa safi na ubaridi, au apande basi akipite kipande hicho. Mwenzake akianza kuchanganyikiwa huku mwili ukimchemka, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na msaada uitwe mara moja.

Jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Oktoba 2020 moto uliwaka katika mlima Kilimanjaro, ambako wageni hupanda kwa siku kadhaa wakisindikizwa na waongozaji na wapagazi. Mgeni anaweza kuchagua kusimama. Mpagazi, ambaye ujira wake hutegemea safari, hawezi kuchagua hivyo kwa urahisi, naye ndiye abebaye mzigo mzito na kuvuta hewa nyingi. Amri ya kusimama itolewe na wenye safari, na siku ya kusimama ilipwe kama siku ya kazi. Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini anayeishi kwa ujira wa kutwa hawezi kukawia kwa gharama yake mwenyewe.