Nakala Moja Ibaki Nyumbani

Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la kisiwani Rusinga, Homa Bay: penye mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua, malaria ilikuwa chini kwa takriban asilimia 30. Wenyeji ndio waliofungua milango na kutoa damu ipimwe. Jarida lenyewe ni mali ya Elsevier, iliyo chini ya RELX, kampuni ya London yenye hisa sokoni.

Watafiti hatuwalaumu. Tunazidai taasisi zetu wajibu wao.

Tangu Azimio la Budapest la 2002 kuhusu machapisho huria, wengi wamedhani kwamba makala ikisomwa bure haki imetendeka. Mara nyingi bili imehama tu, kutoka kwa msomaji hadi kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipoanza utaratibu huo mwaka 2021 lilitaja yuro 9,500 kwa makala moja. Ndiyo, kuna msamaha. Lakini wachapishaji kadhaa huifuta ada yote kwa nchi maskini kabisa, huku nchi za kipato cha kati cha chini, Kenya ikiwemo, zikipunguziwa nusu. Nusu hiyo yaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mhadhiri kijana. Na msamaha ni hiari ya mwenye mali. Leo anatoa, kesho anafuta.

Umiliki ndio kiini. Profesa Thomas Odhiambo, ambaye kampasi ya Mbita ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ina jina lake, alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika mwaka 1985. Akademia hiyo ilipofungua jukwaa lake la uchapishaji mwaka 2018, ilitumia mitambo ya kampuni ya F1000. Januari 2020 wachapishaji Taylor & Francis wakainunua F1000. Makala ziliendelea kusomwa bure, ila hati ya kiwanja ilikuwa imebadili mkono.

Basi vyuo vya kwetu, Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, vina kazi isiyohitaji mfadhili. Mhadhiri aweke katika hifadhi ya kidijitali ya chuo nakala iliyokubaliwa na wahakiki, na haki hiyo aidai kabla ya kutia saini mkataba wa hakimiliki. Wachapishaji wengi huiruhusu, hata kama ni baada ya muda wa kusubiri. Kamati ya kupandisha vyeo isilifungue faili la asiyefanya hivyo. Kamati hiyo hiyo iache kuhesabu majarida ya walaghai yanayochapisha lolote mradi ulipe, na ilipatie uzito jarida la Kiafrika lenye uhakiki wa kweli.

Serikali za kaunti nazo zisijifanye watazamaji. Masharti ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, yanamtaka mtafiti awasilishe ripoti ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Idara za afya za Migori na Homa Bay ziongeze sharti lao: anayeingia zahanati zetu kukusanya takwimu aache nakala, pamoja na muhtasari kwa Dholuo, Kiswahili au Kikuria, kulingana na alikochukua majibu.

Mabaraza ya vyuo hivyo viwili yapitishe sera hiyo ya kuhifadhi nakala kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na mkutubi apewe mamlaka ya kurudisha faili lisilo na nakala, hata likiwa la profesa.