Mcheza kwao hutunzwa, lakini na nani?

JUZI nilipokuwa Kakamega nilipewa kadi ya mchango. Haikuwa ya matanga wala ya harusi. Mwenyewe alikuwa mzee mpigaji wa isukuti, aliyealikwa kwenye kongamano la utamaduni wa watu wa asili. Mwaliko alikuwa nao. Nauli na malazi ajitafutie.

Ndani ya kadi mlikuwa na majina manne tu. Kijana aliyekuwa kando yangu aliitazama, akacheka: "Mzee, nani anacheza hiyo siku hizi?"

Kwa wasioijua, isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya. Ngoma hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, nao wanaume na wanawake hucheza kwa safu zao. Mtoto akizaliwa, vijana wakitiwa jandoni, watu wakioana au kuzika, hata kwenye michezo, isukuti ipo.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Sababu zilitajwa: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, pesa za kutengenezea ala na mavazi hazipo, watunzi wengi wanapendelea muziki wenye soko, na watazamaji nao burudani za kisasa. Kumbe kicheko cha yule kijana kilikwisha kuandikwa!

Nami nilikuwa na swali. "Mzee wangu, watu wa asili si kama Waogiek, walioshinda kesi ya msitu wa Mau katika Mahakama ya Afrika kule Arusha mwaka 2017? Nyinyi mnaingiaje?"

Akanijibu taratibu: "Wao walifukuzwa msituni. Sisi ngoma yetu hatukunyang'anywa na mtu, tunaiacha wenyewe. Nataka nikawaulize wao wanashikiliaje yao."

Nilinyamaza.

Ni kweli Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Sheria ni jambo jema, lakini haiwambi ngoma. Sisi tunaochezewa ndio wenye deni. Kwenye harusi zetu tunamwita mzee huyu, anatoka jasho tangu asubuhi, kisha tunampa soda na asante. Akija na kadi, tunakumbuka karo na kodi ya nyumba.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema husifiwa.

Niliandika jina langu, la tano. Kisha nikampa kijana kalamu. Alisitasita, akaandika la sita.

Wazazi, watoto wenu wanajua ngoma ipi ya kwao? Waulizeni leo. Isukuti ni ngoma tatu, haipigwi na mzee mmoja.