Neno Moja kwa Mwaka Muzima

Siku ya Bonane tunaahidi mambo kumi: kuacha pombe, kuweka feza, kusali sana. Mwezi wa pili tumekwisha kusahau yote.

Mwaka jana mimi nilichagua neno moja tu: KUSIKILIZA. Bibi yangu aliliandika kwa makaa juu ya mulango.

Mwezi wa tatu kijana wetu wa miaka 16 akasema: "Baba, masomo nimeacha. Naenda kuchimba kobalti." Hasira ikanipanda. Nilisimama nimufukuze, nikaona lile neno mulangoni. Nikakaa. "Sema, mwanangu, nakusikia." Kumbe walimutosha kalasi wiki mbili sababu ya minervali, naye aliona haya kuniomba, maana alijua mushahara haujatoka. Tuliuzisha baiskeli, tukalipa. Leo angali anasoma.

Wakristo wa Herrnhut, kule Ujerumani, tangu 1728 wanachagua neno la kila siku. Sisi tuchague hata moja la mwaka.

Vijana, musitafute neno kubwa. Chagueni lile linalogusa kosa lenu, na muliandike pahali mutaliona wakati wa hasira.