Ndege watatu bila kutupa jiwe



Mvua imerudi, na njia za Birere zimekuwa matope tena. Lakini mvua haikuja peke yake. Siku ya kwanza ya juma, watoto wakiwa wanapanga mistari mbele ya bendera, mmoja alinyoosha kidole kwenye waya ya umeme na kulia: « Mwalimu, wamefika! » Tulihesabu mbayuwayu 11. Tumewaandika katika daftari letu la ndege.

Wako mbayuwayu wanaokaa hapa kwetu mwaka mzima, lakini wengi wa hawa ni wageni kutoka Ulaya. Kule baridi ikikaribia, wadudu wanapungua, nao wanafunga safari. Wanavuka jangwa la Sahara na kuanza kutufikia mwezi wa tisa na wa kumi. Mwezi wa tatu na wa nne wanarudi kwao kutaga. Mmoja ana uzito wa karibu gramu 20 tu; mizani ya sokoni haimsikii. Mtoto mmoja aliniuliza kama wanaonyesha karatasi kwenye Petite Barrière. Kilasi kizima kilicheka.

Wengine tuliowaona juma hili: mwewe wakizunguka juu ya soko la Virunga, wakivizia vipande vya nyama, wamama wenye vifaranga, angalieni juu. Kwenye ziwa, mdiria mweusi na mweupe akisimama hewani kabla ya kutumbukia kwa samaki. Na katika parsele zetu, yule mdogo anayetikisa mkia, ambaye wasemaji wa Kinyarwanda wanamwita inyamanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne alikuja masomoni na ndege wadogo watatu katika mfuko wake, wote wamekufa. Wenzake walimsifu kama mwindaji. Nilitaka kumkaripia kwa ajili ya manati, kwa sababu tulipatana kwamba ndege tunamhesabu, hatumpigi. Akajibu: « Sina manati, mwalimu. Niliwaokota tu. Walikuwa wamelala ndani ya shimo, sikutupa hata jiwe moja. » Siku ya Mungu alikuwa ameenda kusalimia shangazi yake karibu na ziwa, upande wa Keshero.

Mwili ulinisisimka. Ndege watatu kufa pamoja ndani ya shimo, bila jeraha, upande ule, jina lake ni mazuku.

Sisi wa Goma tunaijua volkano kwa moto wake. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ule ulipita katikati ya mji, na mpaka leo tunajenga juu ya mawe yake. Mazuku ni sura yake nyingine, isiyo na moto wala kishindo. Ni gazi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi kwa nyufa za mawe. Macho hayaioni. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mabondeni na mashimoni kama maji katika beseni. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, inajaa zaidi. Mtu mzima anaweza kusimama kichwa kikiwa juu yake asijue kitu. Mtoto anayeinama, mbuzi anayekula majani, ndege anayeshuka kutafuta mdudu, hao inawafunika kwanza.

Jioni nilienda kwa mama yake. Alikuwa anapanga makala ya kuuza. Nilipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akasema: « Mimi nilimpongeza, mwalimu. Kwetu Masisi shimo ni shimo tu. » Sikumlaumu. Familia nyingi za mtaa wetu zimefika Goma kwa sababu ya vita, nani angewaambia? Yeye mwenyewe alimpigia shangazi simu usiku ule, na shangazi akamwarifu shefu wa avenue. Wameziba njia ya shimo lile kwa matawi ya miiba.

Basi, wamama, tuwaambie watoto haya, hasa wanaoenda na bidoni ziwani au kutembelea ndugu upande wa Himbi, Keshero na Bulengo:

Ukiona ndege, mijusi au wadudu wamekufa pamoja ndani ya shimo, usishuke. Rudi, mwite mkubwa.

Usicheze, usiketi wala usilale bondeni kule, zaidi sana asubuhi. Ukikuta kibao cha hatari, kiheshimu.

Mwenzako akianguka humo, usimfuate mbio. Wengi wamekufa wakijaribu kuokoa. Piga kelele, watu waje.

Na ndege uliyemkuta amekufa haingii katika sufuria.

Mvulana yule sasa ndiye mwandishi wa daftari letu. Ndege wale watatu amewaandika pia, kwenye ukurasa wao peke yao, na mahali alipowaokota.

Kazi ya juma hili: kabla giza halijaingia, keti na mtoto wako mlangoni, mhesabu mbayuwayu walio kwenye waya yenu. Nileteeni hesabu siku ya mkutano. Mkiwa mmeketi hivyo, mwambie habari ya shimo.

Tuonane juma lijalo.