Ziwa Kivu Si Tangi la Gesi

Kila Ziwa Kivu linapotajwa hapa Kigali, mazungumzo huishia kwenye megawati. Kituo cha KivuWatt kule Karongi, kilichozinduliwa mwaka 2016, kina uwezo wa kuzalisha megawati 26 kutokana na methani iliyomo majini. Umeme huo huingia kwenye gridi ya taifa, hiyo hiyo inayotuwashia taa huku Kabeza. Basi watu wamezoea kuliita ziwa "tangi la gesi", hata baadhi ya wanafunzi wenzetu. Napinga kauli hiyo, kwa sababu inatufundisha kupima vibaya.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methani hiyo, inayokadiriwa kufikia kilomita za ujazo 60, ina waliyoitengeneza. Kina cha ziwa hufikia mita 485, na sehemu zake za chini hazina oksijeni. Huko huishi viumbe wa seli moja waitwao akea, ambao hutengeneza methani kutokana na mabaki yanayozama na kutokana na kaboni dayoksaidi, ambayo nyingi hutoka kwenye volkeno. Gesi hupanda polepole. Inapokaribia maji yenye oksijeni, hukutana na bakteria wanaoila. Hao ndio walinzi wa ziwa: kwa kazi yao, methani kidogo sana hufika hewani.

Lakini walinzi hao hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Msimu wa mvua, maji ya juu yana joto na ni mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na oksijeni hukoma kwenye mita 30 hadi 40 hivi. Kuanzia Juni hadi Septemba, pepo kavu za kiangazi huupoza uso wa ziwa. Maji ya juu huwa mazito, huzama na kuchanganyika hadi karibu mita 60. Oksijeni hushuka, virutubisho hupanda, mwani huongezeka, nao bakteria huufuata mpaka ulikohamia. Anayechota maji mwezi Machi na anayechota Agosti, hata wote wakichota mita 50, hawachoti maji yale yale. Kipimo cha mara moja kwa mwaka ni nusu ya ukweli.

Wapo watakaosema kuwa gesi isipotolewa ni hatari. Ni kweli. Mwaka 1986, kaboni dayoksaidi iliyotoka Ziwa Nyos, Kamerun, iliua watu zaidi ya 1,700. Sipingi methani kuvunwa. Ila maji yaliyotolewa gesi hurudishwa ziwani yakiwa na virutubisho vingi. Yakirudishwa karibu mno na uso, yatalisha mwani; mwani ukifa na kuoza, utamaliza oksijeni; mpaka utapanda, na sambaza tunaowala watakosa pa kuishi. Mita ya umeme haitatuonyesha badiliko hilo. Bakteria watatuonyesha, mradi tujue kwanza kawaida yao ya masika na ya kiangazi.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, bakteria wa Kivu wahesabiwe kila msimu na katika kila kina, mwaka baada ya mwaka, kwa uzito ule ule tunaozipa megawati. Pili, matokeo yaandikwe kwa lugha za watu wanaoishi ufukweni. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, nacho ndicho kinachozungumzwa Goma na Bukavu, ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Mvuvi wa Rubavu na mwenzake wa Goma wanavua maji mamoja. Wana haki ya kusoma ripoti moja.

Wahadhiri wetu wa sayansi na wa Kiswahili, kaeni meza moja. Msituambie kwamba lugha hii haina maneno ya kazi hiyo.