Mnene Aachwe Afanye Mazoezi

Jumapili alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa vikundi vya kukimbia, fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka. Mtu mnene mara nyingi hayumo. Si mvivu. Anajua akitoka tu atasikia, “Bonge, utapasua lami!” na simu zitaelekezwa kwake. Kejeli hiyo ni ukatili, na viongozi wa vikundi wanaoinyamazia wanashiriki.

Ipo hofu nyingine, nayo ina msingi: magoti yanauma, pumzi zinakata, moyo unakwenda mbio hadi mtu adhani anakufa. Kumwambia “jikaze” hakumsaidii. Aanze kwa kutembea kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, hata dakika 5. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini mwongozo wake wa 2020 unahesabu kila dakika. Wakazi wa pwani wana bahari: maji ya kifuani huyapunguzia magoti mzigo. Mwenye presha au kisukari amwone daktari kwanza, naye daktari asiishie kwenye “punguza uzito”. Amwelekeze pa kuanzia. Na vikundi vianzishe safu ya watembeaji, iwe mbele, si mkiani.