MLINZI WA MPUNGA ALISHWE

Nataka kuzungumza juu ya chakula cha mbwa. Najua wengine watacheka. Wacheke, lakini wakiisha kucheka wasome mpaka mwisho, maana jambo hili lagusa uhai wa watoto.

Katika bonde letu la Kilombero mbwa si pambo la nyumba. Mpunga ukikaribia kuiva, watu wengi huhamia mashambani, na mbwa huenda nao. Usiku huwabwekea nguruwe-mwitu, mchana huwafukuza nyani. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mbwa wetu amechuma juani; je, kivulini anakula nini? Wengi hawapewi kitu. Hujitafutia wenyewe majalalani, sokoni na karibu na machinjio.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mbwa anayezurura hukutana na wenzake na kupigana nao, na kichaa cha mbwa huenea kwa mate ya mnyama anayeuma. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Na waumwao sana ni watoto. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885, dunia inajua kwamba ugonjwa huu wazuilika. Wataalamu hutuambia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Lakini siku ya chanjo mwenye mbwa hutakiwa amlete mwenyewe. Mbwa aliyezoea mawe tu, asiyepata kulishwa kwa mkono wa mtu, nani atamshika?

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tuwaokee mbwa wetu mikate midogo. Chukua kibaba kimoja cha chenga za mchele, uzipike mpaka zilainike. Tia kibaba cha unga wa mahindi, kipande cha boga lililochemshwa na kupondwa, na vichwa vya samaki waliokaushwa, vilivyotwangwa mpaka mifupa ikawa unga. Yai likiwapo, ni vizuri zaidi. Kanda, tandaza, kata vipande vidogo, kisha oka ndani ya sufuria, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, mpaka vikauke. Vikipoa, vitie katika kopo lenye kifuniko.

Usitie chumvi, sukari wala vitunguu. Kitunguu humdhuru mbwa damu yake. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Unga ulioota kuvu usimpe, kwa kuwa kuvu yaweza kumwua. Wala usimtupie matumbo mabichi ya ng'ombe au mbuzi, kwani humwambukiza minyoo, nayo hurudi kwetu wenyewe.

Nasikia mtu akisema, "Watu wenyewe hawashibi, mbwa aokewe mkate?" Swali hilo ni la haki. Lakini chenga ni masalio ya mashine ya kukoboa, na vichwa vya samaki mara nyingi hutupwa. Gunia moja la mpunga likiliwa na nguruwe ni hasara kubwa kuliko mikate ya msimu mzima. Na wenzetu ambao dini yawataka wajihadhari na mate ya mbwa, watenge sufuria na chombo chake. Kumlisha mnyama mwenye njaa hakuna dini inayokataza.

Mkate peke yake hauzuii kichaa. Kinga ni chanjo. Lakini mbwa aliyeshiba nyumbani hana haja ya kuzurura, na aliyezoea kupokea kwa mkono wa bwana wake hukubali kufungwa kamba na kupelekwa.

Wanafunzi wenzangu, kazi hii yatufaa sisi. Chanjo ikitangazwa, kila mwenye mbwa kwao aoke kopo moja, amzoeze mbwa wake kamba, na ampeleke pamoja na mtu mzima. Na mtu akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, alioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kesho.

Mwanafunzi, Kidato cha III